Soma Orodha Mpaka Mwisho: Kwa Wewe Unayeanza Chuo Kusomea Biashara, Fedha na Uchumi



Vijana wenzangu, salamu kutoka Wawi, hapa Pemba. Niko kwenye mwaka wangu wa kichungaji baada ya kumaliza masomo ya falsafa, na kwa wiki kadhaa sasa kazi yangu kubwa imekuwa kukaa barazani na vijana waliochaguliwa vyuo, tukisoma fomu za kujiunga ukurasa kwa ukurasa: ada kiasi gani, hosteli ipo au haipo, vyeti vithibitishwe na nani. Kwa hiyo leo sitazunguka. Naandika kwa ajili ya anayeanza mwaka wa kwanza, na hasa aliyechaguliwa shahada ya biashara ya kimataifa, fedha na uchumi. Wa udaktari na ualimu msifunge ukurasa, mtajikuta humu humu.

Kuna binti mmoja wa kwaya yetu. Ameniruhusu kusimulia, ila jina alisema libaki nyumbani. Alichaguliwa vyuo viwili, kimoja uuguzi, kingine hiyo shahada ya biashara. Mnajua utaratibu wa TCU: ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima uthibitishe kimoja, na siku zinahesabika. Basi jumuiya nzima ikawa na maoni. Mzee mmoja akamwambia, "Mwanangu, chagua uuguzi, huo ni wito. Biashara ni mambo ya dunia." Mwingine akaongeza kwamba hajawahi kusikia mtakatifu aliyesomea benki. Watu wakacheka. Yule binti hakucheka. Alinisubiri baada ya Misa akaniuliza: "Frateri, Dominika ya kuombea miito tunaombea mapadre, masista, mpaka wauguzi na walimu. Mbona mtu wa hesabu haombewi?"

Swali hilo ndilo limenikalisha kuandika.

Wazee wetu nawaheshimu sana, lakini hapa sikubaliani nao. Mathayo alikuwa mtu wa ushuru. Yesu alimkuta mezani kwake, fedha na daftari mbele yake, akamwita pale pale. Ni kweli aliinuka akaiacha ile meza, na wazee wana haki ya kunikumbusha hilo. Basi mtazameni Lidia, katika Matendo ya Mitume sura ya 16. Huyu alitoka mji wa Thiatira, upande wa Asia, akawa anauza vitu vya rangi ya zambarau huko Filipi, ng'ambo ya bahari. Hiyo ni biashara ya kimataifa, jamani, mnataka iitwe nini? Zambarau ilikuwa bidhaa ya wakubwa. Mungu akamfungua moyo, akabatizwa yeye na nyumba yake, halafu akawakaribisha kina Paulo kwake, na baadaye tunawaona ndugu wa Filipi wamekusanyika nyumbani humo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliacha kuuza zambarau.

Na kwa yule mzee wa mtakatifu wa benki, nina jibu lake. Giuseppe Toniolo, Mwitaliano aliyezaliwa mwaka 1845, alikuwa profesa wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Pisa. Alioa, akapata watoto saba, akafundisha uchumi mpaka uzeeni, akafariki mwaka 1918. Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri tarehe 29 Aprili 2012. Tena ule mfumo wa uhasibu wa kuandika kila muamala mara mbili, upande huu na upande ule, mtakaofundishwa wiki za mwanzo mpaka mchoke, kitabu cha kwanza kuuchapisha na kuueleza kilitoka Venice mwaka 1494, na mwandishi wake alikuwa mtawa Mfransisko, Luca Pacioli. Na Mwalimu Nyerere wetu, ambaye mchakato wa kumtangaza mwenyeheri ulifunguliwa Jimbo la Musoma, aliposoma Edinburgh kati ya mwaka 1949 na 1952, uchumi ulikuwa mojawapo ya masomo yake. Kwa hiyo nikamwambia yule binti: thibitisha unachokiweza na unachokipenda. Alithibitisha biashara.

Sasa, baada ya kuthibitisha ndipo yalipo mazungumzo yenyewe.

Lugha yetu ina jambo ambalo mtu wa Pemba hahitaji kuelezwa mara mbili. Neno "uchumi" limetoka kwenye kuchuma. Waingereza neno lao limetokana na Kigiriki, utunzaji wa nyumba. Aristotle alilifafanua vizuri, akalitenga na ile tamaa ya kurundika fedha isiyo na kikomo. Ni zuri, nimelisoma, nimelifanyia mtihani. Lakini la kwetu linapanda juu ya mti. Mama mzazi wa binti huyu ni mchumaji. Msimu wa karafuu ukifika anaondoka alfajiri, anaingia shamba la watu, anachuma, jioni anapimiwa kwa pishi na kulipwa kwa pishi. Usiku kuna kazi ya kuchambua, karafuu huku, makonyo huku. Halafu kuanika, na wingu likitanda mnasikia kijiji kizima kinakimbilia majamvi. Kila msimu tunasikia habari ya mtu aliyeanguka kutoka juu ya mkarafuu. Wengine hawasimami tena.

Mama mchumaji, binti anakwenda kuwa mchumi. Kitenzi ni kimoja. Umbali kati ya hao wawili ndio unaonitia wasiwasi, na ndio ninaotaka tuutazame mbele ya Neno la Mungu.

Chukua Biblia yako, fungua Ufunuo sura ya 18, mstari wa 11 mpaka wa 13. Weka simu pembeni kidogo. Au kama Biblia yako iko kwenye simu, basi zima data.

Babeli imeanguka, na wafanyabiashara wa dunia wanalia. Ukisoma kwa makini utaona hawaulilii mji wala watu waliokufa. Wanalia kwa sababu hakuna tena wa kununua shehena yao. Kisha Yohane anaiweka shehena hiyo mbele yetu kama hati ya mzigo bandarini, bidhaa zaidi ya ishirini. Inaanza na dhahabu, inafuata fedha, vito, lulu. Zinakuja nguo za thamani, na humo imo zambarau, ile ile ya Lidia. Miti mizuri, pembe, shaba, chuma, marmari. Halafu mdalasini na viungo, uvumba, divai, mafuta, unga, ngano. Wanafuata wanyama, ng'ombe na kondoo, farasi na magari. Na mwisho kabisa, baada ya magari, wanatajwa wanadamu. Miili yao na roho zao. Wamo kwenye orodha ile ile, wanahesabiwa kwa kalamu ile ile.

Yohane hakuweka maelezo hapo, wala hakuandika kwamba hili ni baya. Ameipanga tu orodha kuanzia dhahabu mpaka mtu, akamwachia msomaji afike mwisho. Nadhani alijua wasomaji wengi huishia kwenye dhahabu.

Msomaji wa Pemba hawezi kuisoma orodha hii kama habari ya mbali. Viungo vimo katikati ya orodha, watu wamo mwishoni, na historia yetu ndiyo hiyo. Karafuu ziliingia visiwa hivi mwanzoni mwa karne ya 19, na mashamba yakaenea enzi za Seyyid Said kwa kazi ya watumwa waliotolewa bara. Mwaka 1872 kimbunga kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho shamba kuu la karafuu la Zanzibar. Mwaka uliofuata, 1873, soko la watumwa la mjini Unguja likafungwa kwa mkataba. Lakini watumwa waliokuwa mashambani walibaki watumwa, na hali hiyo haikuondolewa kisheria mpaka mwaka 1897. Miaka 24 hiyo karafuu ziliendelea kuchumwa, kuanikwa, kupakiwa melini. Kwenye daftari za bandari ziliandikwa uzito na bei. Waliozichuma hawakulipwa kwa pishi.

Fikiria karani kijana wa wakati huo, hodari wa hesabu, mwandiko mzuri. Hakumpiga mtu kiboko, wala pengine hakuwahi kufika shambani. Kazi yake ilikuwa kujumlisha tu.

Sisemi hivi kuwaudhi jirani zetu, wala kuwafanya Wakristo waonekane wasafi. Wazungu walinunua karafuu hizo hizo. Nasema kwa sababu wewe unayeanza chuo mwezi ujao unakwenda kufundishwa kazi ya yule karani, kwa kompyuta na kwa majina mapya. Utajifunza mnyororo wa thamani, gharama za kazi, ufanisi. Ni maneno ya lazima, yasome uyajue vizuri. Ila kila mara mwalimu akiandika "gharama za kazi" ubaoni, mama anayepimiwa pishi jioni yumo ndani ya mstari huo. Soma orodha mpaka umfikie.

Mtu anaweza kusema, Frateri, sasa unataka tusome biashara au tulie tu? Hapana, nataka usome kweli kweli, maana bila kusoma hata huyo mama humsaidii. Nitatoa mfano wa hapa hapa. Kwa miaka mingi katika karne iliyopita Indonesia ndiyo ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar, kwa sababu kule huzichanganya na tumbaku kwenye sigara zao. Kisha wakaamua kupanda mikarafuu yao wenyewe kwa wingi, wakajitosheleza, na miaka ya 1980 bei ya dunia ikaanguka vibaya. Mzee wa Wawi ambaye hajawahi kuiona Jakarta alipata pigo lililoamuliwa huko. Aliona tu fedha haitoshi tena, akadhani labda mti umerogwa au serikali imemwonea. Kumpenda jirani hapo kungehitaji mtu wa kumweleza mapema kinachokuja, na mtu huyo lazima awe amesoma takwimu za nchi nyingine. Huruma peke yake isingejua.

Au tazama kiwanda cha makonyo hapa hapa Wawi, cha Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Ukipita njia hiyo siku wanapochemsha, harufu inakufuata mpaka nyumbani. Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki baada ya kuchambua karafuu. Kiwanda kinakamua mafuta kutoka kwenye makonyo, na kwenye majani pia, mchaichai na mkaratusi, na mafuta ya karafuu dunia inayahitaji kwa dawa, sabuni, manukato. Kuna mtu aliyekaa chini akapiga hesabu kwamba kinachobaki jamvini kina soko. Yesu mwenyewe, katika Luka 14, anazungumza juu ya mtu anayekaa kwanza kupiga gharama kabla ya kujenga mnara. Ninaona kitu cha Kimungu kabisa katika kuyatazama makonyo na kukataa kuyaita taka, ingawa mwalimu wangu wa metafizikia angenitaka nithibitishe.

Turudi kwa yule binti, maana mambo hayakuishia kwenye kuthibitisha chuo.

Mkopo alioomba Bodi haukufunika ada yote, na fedha ya kuanzia ilitakiwa kabla ya kuripoti. Bibi yake ana mikarafuu michache. Akafanya wanavyofanya wengi wakibanwa: akaziuza karafuu zikiwa bado juu ya mti, miezi kabla ya kuchumwa, kwa mtu mwenye fedha taslimu. Kiasi chake halisi ni siri ya familia, lakini tuweke mfano ili tuelewane. Tuseme msimu ukifika karafuu hizo zitaleta shilingi milioni moja baada ya kutoa gharama za kuchuma. Mwenye fedha anakupa laki sita leo. Baada ya miezi minne anachukua milioni yake. Laki nne juu ya laki sita, hiyo ni zaidi ya asilimia 66, kwa miezi minne tu.

Binti aliipiga hesabu hiyo mwenyewe kwenye daftari la kwaya. Hesabu hazimshindi. Akaniambia, "Frateri, naanza kusomea fedha kwa fedha ya namna hii. Na Bibi anashukuru. Amemwombea yule mtu baraka."

Nilikaa kimya muda. Jambo lenyewe si jepesi kama linavyoonekana. Yule mnunuzi anabeba hatari: mvua mbaya ikija, karafuu zikidondoka au zikaharibika, hasara ni yake. Bibi alipata fedha siku aliyoihitaji na hakuna benki ingemjibu kwa siku mbili. Hakulazimishwa. Lakini pia hakuwa na pa kwenda, na bei ya mtu asiye na pa kwenda huwa si bei yake. Katika laki nne hizo, kiasi gani ni malipo ya hatari, kiasi gani ni malipo ya kubanwa kwa Bibi? Hilo ni swali la darasani kwako, mwanafunzi wa fedha, lina njia za kulipima. Ni swali la kitubio pia.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino ana sehemu nzima juu ya udanganyifu katika kununua na kuuza, swali la 77 katika ile sehemu ya pili ya pili ya Summa. Anauliza kisa kimoja: mfanyabiashara amefika na ngano mahali penye njaa, bei iko juu, na anajua nyuma yake wanakuja wengine wenye ngano nyingi. Je, lazima awaambie wanunuzi? Nilitarajia Tomaso aseme lazima. Anajibu kwamba akinyamaza haonekani kuvunja haki, ila akisema, au akipunguza bei, itakuwa fadhila zaidi. Lakini kasoro iliyojificha ndani ya bidhaa, hiyo lazima aiseme. Nimelifikiria jibu hili mara nyingi hapa Wawi. Tomaso anamtambua kuwa ana haki kidogo yule anayejua kuliko mwenzake, halafu anamwonyesha kwamba mbele yake kuna njia pana zaidi. Na shahada unayokwenda kuisoma, ukiitazama vizuri, ni miaka mitatu ya kujifunza kujua kuliko mwenzako. Utajua bei ya kesho, utajua riba halisi iliyofichwa ndani ya maneno matamu, utajua mkataba huu una mtego kwenye ukurasa wa sita. Bibi hatajua. Utakuwa umekaa upande gani wa meza?

Nabii Amosi, sura ya 8, anawaelezea watu waliokuwa wanangoja sikukuu ipite ili wafungue tena biashara, wapunguze kipimo, waongeze bei, wachezee mizani, na wauze mpaka makapi ya ngano. Walikuwa watu wa ibada hao, maana sikukuu waliishika. Walikuwa ndani ya ibada huku akili iko dukani. Mtu yeyote aliyewahi kupimiwa pishi ya kujaza mpaka ifurike, akalipwa kama ya kawaida, anamwelewa Amosi bila kuhubiriwa.

Wakristo wa zamani walipoona maskini wanabanwa na wakopeshaji hawakuishia kuhubiri. Mwaka 1462 Wafransisko kule Perugia, Italia, walisaidia kuanzisha nyumba ya mikopo: maskini analeta kitu chake rehani, anapewa fedha, analipa ada ndogo ya kuendeshea nyumba hiyo. Wenzao wakawashambulia kwamba hiyo ada ni riba. Mabishano yakadumu miaka mingi, mpaka Mtaguso wa Tano wa Laterani mwaka 1515 ukasema ada hiyo inaruhusiwa. Mimi nawapenda watawa wale. Walikuwa na nadhiri ya ufukara, wakajifunza mambo ya fedha ili mwanamke mmoja wa Perugia asiuze mavuno yake juu ya mti. Ukisoma Unguja au hapa Pemba utakaa darasa moja na wenzako Waislamu ambao katazo la riba kwao ni la kila siku. Benki ya Watu wa Zanzibar ina huduma za kufuata sharia tangu mwaka 2011. Waulize, sikiliza. Wameliweka hai swali ambalo sisi tulilijadili kwa karne nyingi kisha tukalisahau mezani.

Na hapa Kiswahili kinanipa zawadi nyingine. Kitu kilichowekwa rehani, siku mwenyewe akirudi na fedha, tunasema amekikomboa. Ni neno la dukani. Ndilo neno tunalomwitia Bwana wetu, Mkombozi. Petro katika barua yake ya kwanza, sura ya 1, anatukumbusha kwamba hatukukombolewa kwa fedha wala dhahabu, vitu viharibikavyo, ila kwa damu ya thamani ya Kristo. Weka hilo kando ya orodha ya Babeli. Kule mtu yuko mwisho, baada ya magari. Huku mtu ndiye aliyelipiwa bei ambayo dhahabu haiifikii. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 walikomboa watoto watumwa kwa fedha taslimu, na kule pia palikuwa na mtu wa kuandika daftari. Alijumlisha kama yule karani wa bandarini. Majina ya watoto ndiyo yaliyokuwa yamebadili maana ya hesabu.

Papa Fransisko mwaka 2019 aliwaita vijana wachumi wa dunia nzima, na baada ya korona kuvuruga ratiba walikutana naye Assisi Septemba 2022. Papa Leo XIV alipochaguliwa Mei 2025 alieleza kwamba jina lake analihusisha hasa na Leo XIII, yule wa waraka wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi. Kwa hiyo anayekuambia Kanisa halina habari na watu wa hesabu, mpe hizo tarehe.

Mambo machache ya haraka haraka kabla hamjafunga mabegi. Boom likiingia, lipangie siku ile ile, kwa sababu wiki ya pili halipo. Mkopo wa Bodi ni deni: ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka liishe, liweke kwenye hesabu zako tangu sasa. Mtu akikuambia kuna mahali fedha inajizaa yenyewe, hata akitumia Biblia, kumbuka DECI iliyosimamishwa na serikali mwaka 2009. Watu waliambiwa wanapanda mbegu, na wengine walikopa ili kupanda. Wewe wa fedha utakuwa umeshafundishwa kwa nini hesabu ile haiwezi kutimia, basi usiwaache mama zetu wa jumuiya waingie tena. Sapu si mwisho wa dunia. Kudisko pia si mwisho, ila tafadhali usidisko.

Yule binti anaondoka wiki ijayo, anapanda boti Mkoani. Mama yake ameomba ruhusa shambani asindikize. Bibi amemfungia karafuu kidogo kwenye kitambaa za kuweka kwenye chai, na binti ameandika nyuma ya daftari lake zile namba za mfano wetu, milioni na laki sita, anasema atamwonyesha mwalimu wake wa fedha amweleze inavyopimwa. Jibu akilipata ameahidi kunitumia.

Dominika hii katika maombi ya waamini tumeweka ombi kwa ajili ya wanafunzi wanaoanza masomo ya biashara, fedha na uchumi. Amelisoma mzee yule yule wa benki. Ninyi mnaokwenda vyuo vingine, mkifika tafuteni TMCS mapema, ulizeni Misa ni saa ngapi na kwaya inafanya mazoezi siku gani, na anayesoma bara asisahau kuchukua koti kama ni Iringa au Mbeya. Aliye na swali la chuo bado, baraza iko wazi kila siku baada ya Masifu ya Jioni.